Nimelipia ukaguzi wa umeme nyumba ya mama Magomeni: bei, kilichopimwa na kilichoachwa

Nawapa hawa mafundi nyota nne kati ya tano, na naandika kwa urefu kwa sababu watu wengi wakisikia ukaguzi wa umeme swali lao ni moja tu, shingapi, alafu wakitajiwa hela wanaghairi. Mimi naona shingapi ni swali la pili. La kwanza ni huyo fundi anakuja kukagua nini, na nini hakigusi. Usipojua hilo hata elfu ishirini umeibiwa.

Hawa niliowatumia ni wakandarasi wadogo wa umeme, vijana watatu, ofisi yao iko maeneo ya Kigogo, leseni ya EWURA walinionesha kabla hata sijauliza. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili tunayoijua wote, korido katikati, vyumba sita pande mbili, uani jiko na vyoo, na huko nyuma kaka yangu alijenga vyumba viwili vya master akapangisha. Umeme wa mbele uliingizwa zamani sana, waya nyekundu na nyeusi, wa nyuma ni wa juzijuzi, kahawia na bluu, na hapo katikati kila fundi aliyepita aliongeza chake. LUKU moja, wapangaji wanachanga. Kilichonisukuma ni mpangaji mmoja wa mbele kusema akigusa friji na miguu ikiwa na maji anasikia inamtetemesha. Umeme ukianza kutetemesha mtu hakuna kusubiri mwisho wa mwezi.

Nikaanza kuulizia huku na huku. Mmoja akasema elfu arobaini nyumba nzima, lisaa limoja kamaliza. Nikamuuliza utapima nini, akajibu "dada nitaangalia kila kitu, usiwe na wasiwasi". Kila kitu na vifaa vyake ni testa ya bisibisi na kile kiplagi chenye taa tatu unachochomeka kwenye soketi. Mwingine yeye akataja laki tano kwenye simu bila kuuliza nyumba ina soketi ngapi wala iko mtaa gani. Hawa wawili bei zao ziko mbali kabisa lakini ni kitu kimoja, hakuna kati yao aliyeweza kuniambia hela yangu inanunua nini.

Hawa wa Kigogo walisema hatutaji bei mpaka tuone, na kuja kuona ni bure. Akaja mmoja, akamsalimia mama shikamoo, akazunguka nyumba nzima, akafungua mfuniko wa DB, lile boksi la breka, akawa anahesabu breka anaandika. Hapo ndo nikaelewa kwamba wao hawapigi hesabu ya vyumba, wanapiga hesabu ya njia. Kila breka inalisha njia yake ya waya, na kila njia inapimwa peke yake, kwahiyo sebule kubwa yenye soketi mbili na kachumba kadogo kenye soketi mbili kwao kazi ni ile ile. Nyumba yetu ina njia tisa. Bei yao ikawa elfu 22 kwa kila njia, elfu 40 kwa ajili ya DB na ethi (ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini), elfu 30 kuandika ripoti, jumla 268,000.

Nikaomba punguzo, si ndo kawaida yetu. Jibu alilonipa ndo lilinifanya niwachague. "Dada, bei naweza kupunguza nikipunguza kazi. Niambie tutoe nini." Hakusema haya nipe laki mbili basi. Tukakaa barazani na ile karatasi tukaipitia mstari kwa mstari. Njia ya taa za nje za ukutani tukaitoa, zile taa zimeshakufa na nataka kuzing'oa, elfu 22 ikatoka. Soketi za vyumba vya mbele tukakubaliana wafungue moja kila chumba badala ya zote mbili, soketi sita zikaachwa kwa elfu tatu kila moja, elfu 18 ikatoka. Nikataka na uani tupunguze, hapo akakataa, akasema sehemu yenye maji na watu wanaotembea peku sipunguzi, kama hutaki uani basi tafuta mwingine. Ikafika 228,000.

Alafu akaongeza sentensi moja mwenyewe bila kuombwa, kwamba kwenye zile soketi za sampuli wakikuta kasoro kubwa hata moja, wanafungua zote kwa ile ile elfu tatu, na mimi nimekubali kabla. Kumbukeni hiyo sentensi nitairudia.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja na nusu, na nusu nzima ni ya vitu ambavyo HAWATAFANYA. Hawagusi mita ya LUKU wala waya unaotoka nguzoni, hiyo ni mali ya TANESCO na ile sili haikatwi na fundi wa mtaani hata kama anamjua nani. Hawapandi darini, mbao zimeoza. Hawabomoi plasta kutafuta waya uliofukiwa. Hawakagui vifaa vya wapangaji, friji, pasi, jagi la umeme, wanaishia kwenye soketi. Chumba kikikutwa kimefungwa hakikaguliwi na bei haipungui kwa sababu siku yao imeshaliwa, ila kwenye ripoti kitaandikwa wazi kwamba hakijakaguliwa. Mwanzoni nilikunja sura nikaona hawa wanajitoa kwenye lawama mapema, lakini ukitulia unaona inakulinda wewe, maana kesho dari likiungua hutasema lakini nyumba si ilikaguliwa. Unajua kabisa dari bado, na unajua ni wewe umeamua libaki.

Dada yangu anaishi Leicester, na kule England kanuni za mwaka 2020 zinamlazimisha mwenye nyumba ya kupangisha akaguliwe umeme angalau kila miaka 5 na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Nilimwomba anipigie picha ya ripoti ya nyumba anayopanga, na mwanzoni mwanzoni kuna sehemu ya kujaza kilichokaguliwa, mipaka yake, sababu za hiyo mipaka na mipaka ilikubaliwa na nani. Yaani hata huko kwenye sheria kali ripoti haidai kuona kila kitu. Kwetu sisi umeme wa nyumba unaangaliwa ukiwa unaomba kuungwa, mkandarasi anaweka muhuri, basi, baada ya hapo nyumba inaweza kukaa miaka thelathini hakuna aliyefungua soketi mpaka siku inanuka.

Mambo mawili mengine kwenye makubaliano ambayo ningependa kila fundi ayaandike. Moja ni muda wa kukata umeme. Kipimo kikubwa kinafanywa umeme ukiwa umezimwa, wanatumia megga inayosukuma volti 500 kwenye waya kuona kama ganda lake bado zima, na kabla ya hapo kila kitu kinachomolewa, tv, friji, chaja, balbu zinatolewa, maana ukiacha tv imechomekwa unaweza kuiua au usome namba ya uongo. Mpangaji mmoja anauza barafu na juisi, ukimzimia umeme bila taarifa umemuua kibiashara. Wakaandika saa tatu mpaka saa saba mchana, na taarifa kwa wapangaji siku tatu kabla, mimi ndo nizungushe. Jambo la pili ni wakikuta hatari ya kuua mtu leo leo, wanakata hiyo njia hapo hapo, hawanipigii simu kuomba ruhusa, na hawaiunganishi tena hata mpangaji alie. Niliweka sahihi hapo pembeni kabisa.

Siku ya kazi walichelewa karibu lisaa, foleni ya Kawawa wanasema, na yule wa juisi ndo aliumia. Hilo nimewakata nusu nyota.

Kazi yenyewe sasa. Kwenye chumba cha yule mpangaji wa friji, fundi kabla hajafungua soketi aliniita akasema dada angalia hapa, akachomeka kile kiplagi cha taa tatu, taa zikawaka vizuri kabisa kama inavyotakiwa, soketi nzima. Alafu akazima umeme akafungua skrubu mbili akaivuta nje. Nyuma yake hakuna waya wa ethi hata mmoja. Kuna kipande cha waya mwekundu urefu wa kidole kimetoka tundu la niutro, yaani la waya unaorudisha umeme, kimeingia tundu la ethi. Fundi wa zamani hakuwa na ethi ya kuvuta, akapiga jampa, na kile kiplagi hakiwezi kutofautisha ethi ya kweli na niutro iliyovaa jina la ethi. Akanieleza kwamba hapo bodi la friji limeunganishwa na niutro, kwahiyo niutro ikilegea popote huko nyuma lile bodi linapata moto, yaani umeme wenyewe, na mtu akishika mlango anapigwa. Na kweli, kwenye DB wakakuta skrubu ya niutro ya hiyo njia imelegea inazunguka kwa mkono. Hicho ndicho kilichokuwa kinamtetemesha yule baba wa watu.

Ile sentensi ikafanya kazi. Soketi zilizoachwa zikafunguliwa zote, ukitoa ya chumba kimoja kilichokutwa kimefungwa, hakuna kupiga simu hakuna kubishana, elfu 18 ikarudi kwenye bili, na tatu kati ya hizo zina jampa kama ile. Fundi wa elfu arobaini na kiplagi chake angezipitisha zote nne na ningemshukuru na soda juu. Ndo maana nasema sampuli siyo mbaya, inapunguza gharama, lakini iwe na hilo sharti limeandikwa kabla, maana ukianza kujadili bei wakati soketi iko wazi ukutani na mafundi wamesimama utakubali chochote au utakataa kwa hasira.

Vyumba vya nyuma shawa ya umeme ya kilowati 4.5. Gawanya kwa volti 230 unapata karibu ampia 20, na waya uliovutwa ni wa mm 1.5, wa taa huo, alafu breka iliyokaa mbele yake ni ya ampia 32. Maana yake waya utaungua muda mrefu kabla breka haijastuka ikakata umeme. Kwenye swichi ya shawa plastiki ilishakuwa kahawia na shaba imegeuka nyeusi. Wakakata pale pale, wakafunga kwa tepu na kikaratasi, na mpangaji akanipigia simu kwa ukali kwamba analipa kodi ya master na maji ya moto hana. Nikampelekea picha ya ile swichi akapoa.

Ethi ya nyumba wakapima, ile fimbo iliyochimbiwa ardhini nje karibu na ukuta, ikasoma omu 46, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita. Nilikuwa sijui hiyo ni nzuri au mbaya ikabidi anifanyie hesabu kwenye kikaratasi: moto ukigusa bodi la kitu na kurudi ardhini kupitia hiyo fimbo, 230 gawanya kwa 46 ni ampia 5. Breka ya ampia 32 haiwezi kustuka kwa ampia 5, itakaa inaangalia tu, na bodi linabaki na moto. Na hiyo ni wakati udongo una unyevu, kiangazi mchanga wetu wa Dar ukikauka namba inapanda. Dawa yake ni RCD, ile inayostuka umeme ukianza kuvuja hata miliampia 30. Nyumba nzima haikuwa nayo. Na akanionya kwamba RCD isiwekwe kabla jampa hazijatolewa, vinginevyo itakuwa inazima mara kwa mara na mwishowe mtu ataifunga kwa kuipita pembeni, ameshayaona hayo.

Chumba kimoja cha mbele kilikuwa kimefungwa, mwenyewe kasafiri Korogwe, taarifa alipata akasahau kuacha funguo. Njia yake ya soketi ni moja na chumba cha jirani, walipopima na megga kutokea DB ikasoma megaomu 0.4 na inatakiwa isipungue 1. Hapo huwezi kujua ni waya umechoka au ni kitu kimechomekwa mle ndani. Wangeweza kuniambia waya mbovu tuvute mpya, nisingekuwa na la kubisha. Wameandika inahitaji kuchunguzwa zaidi, sababu chumba kimefungwa. Mwenye chumba aliporudi akachomoa friji lake la mtumba, wakapima upya, namba ikapanda vizuri kabisa. Friji ndo bovu.

Na hapa ndo kwenye ugomvi wetu mkubwa. Karatasi yao haisemi chochote kuhusu kurudi kupima. Walipokuja kwa ajili ya hicho chumba wakataka elfu 60, wakasema ni safari nyingine na vifaa vya kubeba. Nikawaambia nyie mmeandika mpaka nani anazungusha taarifa kwa wapangaji, iweje bei ya kurudi msiandike. Tumevutana tukaishia elfu 30, na wamekiri haikuwepo. Kwa kazi yao nzuri hilo ni tobo, kwa sababu ukaguzi wowote wenye matengenezo lazima kuna kurudi, na mteja akiwa ameshakatiwa njia hana nguvu ya kubishana. Ukiwaita, waambie waandike kabla: kurudi kwa chumba kilichofungwa shingapi, kurudi baada ya matengenezo shingapi. Nusu nyota ya pili imekwenda hapo.

Ripoti ilikuja kwa kiingereza, kurasa za namba na vifupisho. Mimi nasoma, mama hasomi, na nyumba ni yake. Nilipowaambia, wakaniandikia ukurasa mmoja wa kiswahili bure, mambo yamepangwa kwa makundi matatu, hatari ya sasa hivi, hatari inayoweza kuja, na ya kuboresha. Vizuri, lakini huo ukurasa ungekuja wenyewe bila kuombwa.

Kuhusu matengenezo, wao kukagua na kutengeneza ni mikataba miwili. Mama alimuuliza fundi kwa mshangao kabisa, "sasa mwanangu hela yote hii hata soketi moja hujabadilisha?" Akamjibu kwa adabu, "Mama, nikikagua huku nataka kuuza soketi, kila soketi nitaiona mbovu." Wameniachia ripoti wakasema tengeneza na unayemtaka mwenye leseni, na bei zao za vitu vidogo walizitoa mwanzoni kabla hawajajua kuna nini, kubadili soketi, kukaza na kupanga DB, kufunga RCD, kuvuta waya wa ethi kwa mita. Nikalinganisha na mafundi wengine wawili, wao walikuwa katikati, nikawapa wao kazi ya ethi na RCD na shawa nikavuta waya wa mm 4 na breka ya 25. Vifaa nilinunua mwenyewe Kariakoo na walikubali, ila breka moja niliyoleta wakaikataa kwamba ni feki, nyepesi mno na maandishi yanafutika ukisugua kwa kidole, nikaenda kubadilisha.

Malipo nusu mwanzo nusu ripoti ikiwa mkononi, kwa simu, na risiti ya EFD walitoa. Jumla ya ukaguzi peke yake ilifika 246,000 pamoja na zile soketi sita, juu yake ile elfu 30 ya kurudi. Kwa mwenye nyumba ya kupangisha yenye nyaya za zamani na viraka vya mafundi tofauti naona ni hela halali. Kama una fleti ndogo mpya yenye njia nne au tano, kwa mahesabu yao yale yale haivuki laki mbili, na waambie kabisa unataka njia zipi na soketi zote zifunguliwe, kwa fleti ndogo sampuli haina maana. Wapangaji nao wameniomba nakala ya ule ukurasa wa kiswahili, nimeubandika koridoni karibu na mita.